Miti ya Leta, makala yetu

Hapa Lubumbashi ukisema unatengeneza makala, mtu wa kwanza atakuuliza gunia ni bei gani. Wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa wana makaa ya kuwasha na makala ya kusoma. Sisi neno tunalo moja, na kazi yake ya kila siku ni kuivisha bukari, ugali wetu. Basi msomaji wa mbali anisamehe: makala haya yanahusu makala hayo, na hasa miti inayoanguka ili yapatikane, pamoja na swali ambalo sisi wa mjini hatuliulizi kwa sababu jibu lake litatutoa pesa mfukoni. Ile miti ni ya nani?

Nenda barabara ya Kasenga kabla jua halijachomoza. Utawaona wanatokea gizani mmoja mmoja, wakisukuma kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku. Hakuna anayepanda. Kinga imebebeshwa magunia matatu, manne, moja limelazwa ndani ya fremu, mengine yamesimamishwa nyuma, yote yamekazwa kwa mipira iliyochanwa kutoka kwenye chubu za gari. Mdomo wa kila gunia umezibwa kwa majani, ili makala yaliyopita kimo cha gunia yasimwagike njiani. Penye mlima wanasaidiana wawili kwa kinga moja, wanaifikisha juu, kisha wanashuka kuifuata nyingine. Wengi wamelala njiani usiku uliopita.

Siku moja nilimkuta mmoja amepumzika juu ya mlima wa namna hiyo, kinga kaiegemeza kwenye gongo lenye panda. Nikamuuliza ile miti aliikata kwa nani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa mvua ni ya nani.

"Miti ni ya Leta, papa. Kama naiacha, mwingine atakuya kuikata."

Leta ni Dola, ni Serikali. Neno tulilichukua kwa Mbelgiji tukalipa sauti yetu. Nimepitia ripoti nyingi kuhusu kuisha kwa msitu wa miombo pembezoni mwa mji huu, na karibu zote zina ukurasa wa kumlaumu mchoma makala: hana elimu ya mazingira, hajali kizazi kijacho, ahamasishwe. Yule bwana wa kinga alinieleza zaidi kwa sentensi mbili. Hakusema hajui kwamba miti inakwisha. Anajua kuliko sisi, maana kila mwaka miguu yake inaongeza kilomita. Alichosema ni kwamba mti ulioachwa leo hautakuwa wake kesho, utakuwa wa atakayewahi. Mpe hesabu hiyo mtu yeyote mwenye akili timamu, profesa au askofu, atanoa shoka.

Hesabu hiyo ina waandishi wake, na wana tarehe. Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II likiwa bado changa kabisa, ilitoka amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Dola. Isiyo na mwenyewe kwa macho ya nani? Shamba lililolazwa miaka kumi ili udongo upumzike lilihesabika tupu. Msitu wa asali na wa mawindo, tupu. Makaburi ya kale yaliyomezwa na vichaka, tupu pia. Katanga ikapata balaa la ziada: mwaka 1900 iliundwa Kamati Maalumu ya Katanga, theluthi mbili ya hisa za Dola, theluthi moja za kampuni binafsi, na kamati hiyo ndiyo iliyosimamia na kugawa ardhi ya huku mpaka uhuru ulipokaribia. Babu wa kabila la Walamba aliyetaka kujua nani anamiliki kilima cha nyuma ya kijiji chake alipaswa kuwauliza wanahisa. Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, ilianzishwa mwaka 1906, tanuru lake la Lubumbashi likaanza kumimina shaba mwaka 1911, na tangu hapo mji na msitu wamekuwa wakiishi kama chui na mbuzi katika banda moja.

Uhuru ulipofika watu walitegemea deni lilipwe. Mwaka 1966 ikapitishwa sheria inayoitwa kwa jina la Bakajika, aliyeiwasilisha bungeni, ya kurudisha kwa Dola udongo na vilivyomo chini yake. Ilishangiliwa, na kwa haki, kwa sababu ilizinyang'anya kampuni za kikoloni. Lakini isome vizuri: ilichukua kwa kampuni, haikurudisha kijijini. Sheria ya ardhi ya 1973 ikakazia kwamba udongo ni mali ya Dola peke yake. Kuhusu ardhi zinazokaliwa na wanakijiji kwa mila, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki zao zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka zaidi ya hamsini imepita, marais wamebadilika, nchi imebadilisha hata jina, amri ile bado inasubiriwa. Katiba ya 2006 nayo inatambua mali, ya mtu mmoja au ya pamoja, iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Kwa hiyo shefu wa ardhi, yaani chifu wa mila, anatambuliwa na karatasi moja na kusahauliwa na nyingine, na mgeni mwenye pesa anajua aonyeshe ipi.

Nimekawia hapa makusudi, kwa sababu bila historia hii mtu hawezi kuona uzito wa kilichofuata. Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, katika kifungu cha 22, ilisema jamii inaweza kuomba na kupewa msitu inaoushikilia kwa mila. Ilichukua miaka 12 kupata dekreti, yaani amri ya serikali, ya kuitekeleza, ile ya tarehe 2 Agosti 2014, kisha agizo la waziri la Februari 2016 likaeleza namna ya kuusimamia. Masharti yenyewe, niseme ukweli, ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Jamii inaweza kupewa mpaka hekta 50,000. Inapewa bure. Inapewa bila kikomo cha miaka. Gavana ndiye anayetia sahihi, si lazima faili lipande ndege kwenda Kinshasa. Jamii inaunda mkutano wake mkuu, kamati ya usimamizi, kamati ya kuwachunguza hao wasimamizi, na baraza la wazee. Kwa mara ya kwanza tangu 1885, kijiji kinaweza kuweka mezani karatasi ya Dola inayosema: msitu huu una wenyewe.

Nchi nzima misitu ya namna hiyo imepita mia moja kitambo, mingi ikiwa kwenye misitu minene ya kaskazini na mashariki. Mkoa wetu wa Haut-Katanga nao umeanza. Na hapo ndipo mashaka yangu yanapoanzia, kwa sababu msitu wetu si ule wa kwenye picha.

Msitu wetu ni miombo. Una mwanga ndani, nyasi chini, vichuguu vikubwa kama nyumba, ambavyo udongo wake tunauchimba kufyatua matofali na kisha tunayachoma kwa kuni za miti ileile iliyovizunguka. Kwa anayepita na gari unaonekana msitu maskini. Muulize mama anayeuza pembeni ya barabara ya Kasumbalesa wakati wa mvua: atakutajia bowa, yaani uyoga, aina zake vidole havitoshi kuzihesabu, viwavi vya kukaushwa, masuku yanayoiva mvua zikianza, chikanda, kile kiazi cha okidi kinachopondwa na karanga. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji shoka. Na karibu vyote viko mikononi mwa akina mama, jambo nitakalolirudia.

Miombo ina tabia moja ambayo wapiga mbiu wa maangamizi hawaitaji mara nyingi. Ukiukata mti wake, kisiki hakifi. Kinachipua, na mizizi inatoa machipukizi, na ukiacha pakae miaka ishirini na zaidi unakuta msitu tena. Mababu zetu walioyeyusha shaba na kumimina ile misalaba yake maarufu walichoma makala karne kwa karne, na Mbelgiji alipofika alikuta miti bado imesimama. Kinachoua msitu ni kulima juu ya visiki mara tu baada ya kukata, kurudi kukata vijiti vya miaka mitano, na moto wa mwisho wa kiangazi. Kule Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka, wataalamu walitenga viwanja tangu miaka ya 1930 wakavichoma kwa nyakati mbalimbali. Kile kilichochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa, kiligeuka kuwa mbuga ya nyasi tupu. Kile kilichochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, kilibaki na miti yake. Moto ni uleule. Tofauti ni mwezi.

Sasa nani atachoma mapema? Nani atakaa na kisiki miaka ishirini? Si bwana wa kinga. Ni mtu mwenye uhakika kwamba miaka ishirini ijayo kisiki kitakuwa bado chake, na akifa kitakuwa cha watoto wake. Kwa miombo, haki juu ya msitu ni muda: anayeweza kusubiri ndiye atakayeuona mti wa pili. Ndiyo maana naiona karatasi ya 2014 kuwa na maana huku kwetu kuliko hata kwenye misitu minene, ambako mti mmoja mkubwa wa mbao unaweza kuwa na thamani ya msimu mzima wa makala.

Mukula ulitufundisha upande mwingine wa jambo hilo. Mti huo mwekundu hakuna aliyeuhangaikia hapa mpaka soko la China lilipoutaka, na mwaka mmoja haukwisha kabla malori hayajajaa kwenye barabara za Kasenga na Sakania yakielekea Zambia. Mpaka mwaka 2019, ulipoingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe ambavyo biashara yake inadhibitiwa, mashina manene yalikuwa yameshaondoka. Kijijini walilipwa ujira wa kukata na kubeba. Bei ya mti wenyewe waligawana wenye vibali na wenye mihuri. Ungekuwa msitu wenye karatasi, angalau kungekuwa na mtu wa kusimama mbele ya lori na kuuliza mkataba uko wapi.

Angalau. Sitaki kuichora jamii kama kwaya ya malaika. Niliwahi kuhudhuria mkutano wa kijiji uliotakiwa kuchagua kamati ya msitu. Wanaume walikaa kwenye viti na mabenchi chini ya mwembe, akina mama kwenye mikeka pembeni. Kamati ilikuwa imeshaandikwa kabla hatujafika: mdogo wa shefu, mpwa wa shefu, mwalimu, na mwanamke mmoja aliyewekwa kushika hazina kwa kuwa fomu ilitaka mwanamke. Ramani ilipotandazwa chini na kila mmoja kuulizwa aonyeshe sehemu muhimu, wanaume walionyesha mipaka na miti ya mbao. Mama mmoja akasimama, akaweka kidole mahali palipoachwa nyeupe, akasema pale ndipo viwavi vinapotoka. Palikuwa pamepangiwa kuchoma makala. Kukawa na kimya, kisha mtu akacheka, kisha ramani ikachorwa upya. Sijui kama sehemu hiyo ingali salama, lakini nilijifunza kwamba neno "jamii" huwa na watu ndani yake, na wenye midomo si lazima wawe ndio wenye msitu.

Halafu kuna wageni. Wengi wa wanaochoma makala kuzunguka Lubumbashi hawakuzaliwa pale wanapochomea. Wametoka mbali, wengine walipokosa kazi mgodini, wanampa shefu kidogo chake, wanaweka kambi, msitu ukiisha wanahama. Wenye udongo wanawalaumu, huku shefu wao ndiye aliyepokea. Karatasi ya jamii isiyosema lolote kuhusu mgeni huyu itazaa magomvi. Mimi ningemwandika kwenye daftari la kamati: eneo lake, idadi ya matanuru yake, mwaka wa kurudi. Kumfukuza ni kumsogeza kijiji cha pili tu.

Faili lenyewe nalo lina gharama. Msitu unatolewa bure, ila kuuomba hakuwi bure: kuchora ramani, kuita mikutano na vijiji jirani, kumsafirisha ofisa wa wilaya, kuandika mpango wa usimamizi. Kwa kawaida hulipa shirika lenye mradi. Mradi ukifika mwisho, gari linaondoka na kamati inabaki na muhuri na kabati. Hili halinishtui sana, linarekebishika. Linalonishtua liko chini ya ardhi.

Kwa sababu hapa ni Katanga, bwana. Chini ya kila hekta kuna mtu mjini mwenye ramani ya rangi. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inatenganisha udongo na madini yaliyomo ndani yake. Nyumba inayokaliwa, makaburi, shamba lililolimwa vina ulinzi kiasi, na mwenye kibali akiwanyima watu matumizi ya ardhi yao anatakiwa alipe fidia. Lakini kulipwa fidia ni jambo moja, kuweza kukataa ni jambo lingine kabisa. Kibali cha kuchimba kinadumu miaka 25 na kinaweza kuongezwa. Msitu wa jamii umeandikwa wa daima. Mpaka leo sijasikia daima ikiishinda miaka 25 katika mkoa huu.

Wataniambia marekebisho ya 2018 yaliwakumbuka wanavijiji. Ni kweli. Kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi, na asilimia 15 ya mrabaha inakwenda kwa serikali za chini kama usheferi na sekta. Hizo ni pesa za kweli, zimejenga shule na vituo vya afya, na wanaozifuja wafuatwe. Lakini ni malipo kwa ajili ya kilichoondoka. Hazimpi mama wa viwavi nafasi ya kusema hapa hapana. Sheria ya Misitu ina sharti ninalolipenda zaidi: anayefyeka msitu afidie kwa kupanda msitu mwingine wa ukubwa na ubora uleule. Nitafurahi kualikwa kwenda kuona miombo iliyopandwa na mgodi ikiwa na uyoga ndani yake.

Sasa turudi mjini, kwetu, kwenye mbabula, jiko letu la makala. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 umeme wa bwawa la Inga umekuwa ukisafiri karibu kilomita 1,700 kwenye nyaya nene mpaka Kolwezi, ukipita juu ya vijiji visivyo na taa, ili migodi ifanye kazi. Mji wetu una watu zaidi ya milioni mbili, na mwenye jiko la umeme bado ana mbabula nyuma ya nyumba, kwa sababu jiko ni la siku umeme ukiwepo. Nani wa kumcheka? Mimi mwenyewe ninayeandika haya nimekula maharage yaliyochemka saa tatu juu ya miti ya mtu.

Vunja bei ya gunia vipande vipande uone. Kuna pesa ya aliyekata na kuchoma, ambaye kwa tanuru la udongo hupata kilo 10 hadi 20 za makala kwa kila kilo 100 za kuni. Kuna gunia lenyewe. Kuna msukuma kinga au mwenye lori. Kuna barieri, vizuizi vya barabarani, na kila barieri ina jina lake la kodi. Kuna mwenye depo, kuna mama anayepima kwa vikopo. Umetafuta bei ya mti? Haimo. Kila mkono ulioligusa gunia umelipwa, isipokuwa pale lilipotoka. Kila mara tunaposikia mwito wa kupiga marufuku makala, nakumbuka kwamba kwa bei hiyo ya sifuri hakuna gesi wala jiko la kisasa litakaloweza kushindana.

Ningeanzia hapo kabla ya semina yoyote. Kijiji chenye msitu wenye karatasi kiruhusiwe kutoza ada kwa kila gunia linalotoka kwenye eneo lililopangiwa kukatwa mwaka huo, na gunia litoke na alama ya kamati. Barabarani kibaki kizuizi kimoja cha kuangalia alama, vile vingine viondoke, ili ada mpya ichukue nafasi ya zile kodi za barieri badala ya kuzipandia mgongoni. Gunia litapanda bei? Litapanda, kiasi. Wabunge wetu hawatalipenda wazo hili mwaka wa uchaguzi. Na Wizara ya Madini, kabla ya kugawa eneo jipya, ilazimike kufungua daftari la misitu ya jamii na kupata jibu la mkutano mkuu wa kijiji kwa maandishi, likiwemo jibu la hapana.

Wiki iliyopita gunia la nyumbani liliisha. Nikaenda kwa mama ninayenunua kwake siku zote, nikamwuliza makala yake yametoka wapi. Akasema Kasenga. Nikauliza Kasenga kijiji gani. Akasema labda si Kasenga, labda ni njia ya Kipushi, lori lilishusha usiku. Nikauliza kama msitu huo una kamati, kama kuna barua yoyote iliyokuja na mzigo. Aliacha kupanga vikopo vyake, akanitazama kwa huruma fulani.

"Papa, weye unatafuta makala ao karatasi?"

Nyuma yangu walikuwa wanasubiri watu watatu. Nikalipa gunia, kijana akalitwika.